Harufu ya Jikoni kwa Joha

Mikumi,
9 Machi 1975

Shangazi Mwanvua,

Shikamoo. Mimi sijambo, na mjukuu wako Tatu hajambo, ila kikohozi kimemshika tangu mvua zianze. Mume wangu Mwinshehe naye yu mzima, yumo kazini na gangi yake ya reli, leo huku, kesho kwenu Kilosa. Mama mkwe wa Tindiga anakusalimu. Anasema mguu umepoa na mpunga umekubali.

Habari za kijiji kipya umezisikia redioni, ila redio haisemi juu ya nyani. Wametumaliza mahindi. Sasa tunakula unga wa njano wa msaada, ule wa yanga, na ukisonga ugali wake nyumba nzima inanuka kama gunia lililolowa.

Hapo ndipo penye shida yangu. Kule Kisanga, kabla hatujahamishwa, jiko langu lilikuwa banda peke yake nyuma ya nyumba, upepo unaingia huku unatokea kule. Hapa tulipimiwa viwanja kwa kamba, mvua ikatukuta bado tunakata miti, tukajenga jiko na chumba cha kulala chini ya paa moja. Ukuta wa katikati haufiki juu. Ninachopika mchana kinalala na sisi kitandani. Tena mama mkwe, Mungu ampe umri, kila akipata mtu wa kuja huku ananiletea kambale wa kukausha. Nikiwakataa nimemkataa yeye. Nikiwapika, nguo, mto, hata nywele za mtoto vinanuka kambale.

Mwinshehe hali tena nyumbani. Akirudi anasimama mlangoni, anavuta pua, anasema, "Joha, nyumba hii inanuka," anageuka kwenda kula stesheni. Kambale wa mamake mwenyewe! Mara ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki. Mwanamume asiyekula kwake anakula kwa mtu, na aliyenifundisha hivyo ni wewe.

Shangazi, wewe ni kungwi. Umefunda mabinti wa nusu ya Kilosa, na mimi ulinifunda kwa mikono yako baba alipofariki. Lakini hukunifunda jiko lililo ndani ya chumba cha kulala. Nifunde sasa. Dawa za dukani hapa hazipo, duka la ushirika lina viberiti na kamba tu. Niambie vitu vya porini na vya jikoni. Namtaka mume wangu aketi mkekani kwake ale.

Barua hii nampa Cornel, gadi wa treni, ambaye ni jirani yetu. Na majibu umpe yeye.

Mwanao,
Joha


Kilosa,
2 Aprili 1975

Mwanangu Joha,

Marahaba, tena marahaba ya moyo. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha miaka. Mto Mkondoa umejaa, treni ililala siku kadhaa upande wa pili, ndiyo maana Cornel hakufika mapema. Herufi zangu uzivumilie. Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima anasema ninaandika kama kuku anayetafuta mchwa, nami nimemwambia kuku huyo anashiba.

Sababu nyingine ya kuchelewa ni kwamba nina mwali ndani. Binti mpole, mama yake amekufa, ameletwa na baba yake. Unanijua, nikiwa na mwali mimi siko duniani.

Haya, sikiliza. Kosa lako nalijua kabla hujaniambia: unachoma udi juu ya kambale. Harufu haifukuzwi na harufu. Ile mbaya inatolewa kwanza, mlango unafungwa, ndipo nzuri inakaribishwa. Ukizichanganya utapata ya tatu, na hiyo hata shetani ataihama.

Kambale wasilale ndani. Wafukie kwenye kikapu cha majivu makavu, ukitundike nje chini ya upenu. Siku ya kupika wasugue kwa majivu na ndimu, wachemshe kidogo na ukwaju, maji yale yakamwage mbali na uyafukie. Vyungu na mwiko usiviachie maji matupu, visugue kwa majivu na maganda ya ndimu, uvianike juani mpaka vilie. Mkaa mkavu uweke kwenye vigae katika kila pembe ya jiko na chini ya kitanda. Mkaa unakunywa harufu, lakini nao hushiba, kwa hiyo ubadilishe. Mwambie fundi atoboe dirisha juu, karibu na paa, moshi una haki ya kutoka. Ukuta uukandike upya, na udongo uukande kwa maji yaliyochemshwa na mchaichai. Unga wa yanga uanike kabla ya kusonga, utapunguza kiburi.

Yote hayo yakiisha, ndipo ufukize. Changanya maganda ya balungi yaliyokauka kivulini, kivumbasi, na karafuu chache zilizopondwa. Weka kwenye chetezo, makaa yawe yamefifia. Hii ni yangu mwenyewe, sijawahi kumpa jirani. Inakaa kwenye nguo mpaka wiki ya pili.

Mbusu Tatu. Kikohozi chake kitaisha moshi ukipata njia.

Anayekuombea nyumba yenye heri,
Shangazi yako


Mikumi,
18 Mei 1975

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tatu amepona kikohozi, ulisema kweli. Mama mkwe ameanguka tena na mguu ule ule, lakini anatambaa. Shamba la kijiji tumelima, la kwetu tumelilima jioni jioni, nyani wanatusubiri tumalize.

Nimefanya yote. Dirisha lipo. Ukuta nimeukandika mimi na Costancia, jirani yangu wa upande wa mashariki, mikono imechubuka. Siku niliyofukiza balungi, Costancia aliingia akasimama katikati ya jiko amefumba macho, akasema, "Mwenzangu, humu ndani ni kama kanisani siku ya Pasaka." Mimi Mwislamu sijui kanisani kukoje, lakini nilifurahi.

Mwinshehe akarudi Ijumaa. Nilimpikia mchicha na nazi, sikugusa samaki. Akasimama mlangoni. Akavuta pua. Akasema, "Bado."

Bado nini, Shangazi? Costancia haisikii. Cornel nilimwita akaingia, haisikii. Nimefikia kunusa mikono yangu mwenyewe nikiwa peke yangu, nimenusa kanga, nimenusa kwapa la mtoto. Nimeanza kuamini kwamba ninayenuka ni mimi. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini sitaki kuufuata msemo huo mpaka nijue kwamba jiko langu halina kosa lolote.

Siku hizi analala Kilosa zaidi kuliko hapa. Gangi yao imepiga kambi karibu na mtaa wako. Nilimpa mfuko wa mchele wa Tindiga akuletee. Je, alifika? Anakula wapi huko? Akija mpikie, umketishe, umuulize kwa ulimi wako wa ukungwi ananitakia nini. Wewe huna mtu anayekuficha.

Na mwali wako ametoka? Ameposwa na watu wa wapi?

Nakungoja,
Joha


Kilosa,
2 Julai 1975

Mwanangu Joha,

Marahaba. Nimechelewa, usinihesabie. Nilikuwa na shughuli, halafu nikawa na homa, halafu karatasi ziliisha.

Mchele niliupata, mzuri sana, hauna chuya. Mama mkwe wako mpe pole ya mguu, amkande kwa maji ya chumvi.

Kuhusu jiko, naona tulisahau kizingiti. Mafuta hudondoka kizingitini na kuingia kwenye mti. Kisugue kwa chumvi na ndimu. Mafiga nayo yageuze, upande wa chini uwe juu. Majani ya mpera ukiyachemsha na kuyaacha wazi jikoni yanasaidia. Mto wa kitandani ufumue, sufi yake uianike. Vijiko vya mti vikizeeka vitupe. Nakuletea kwa Cornel mfuko wa maganda ya balungi, mengi, hutayamaliza upesi. Na kanga, ni mpya, usiiweke, uivae.

Mwinshehe ni mtu mzima na njia anaijua. Nilimwona. Hajambo.

Mwali alitoka salama. Ni mtoto wa watu, humjui.

Mwanangu, kula. Kama mume hali, wewe kula. Mwezi huu usimuulize mumeo maswali mengi. Jikoni kwako hapana kosa, hilo naliandika kwa mkono wangu. Ufanye kazi zako, umlee mtoto, na moyo uupe nafasi.

Shangazi yako


Mikumi,
29 Julai 1975

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Kanga nimeipokea, sijaivaa.

Barua yako niliisoma kwa Costancia kwa sauti. Akaniuliza, "Shangazi yako anaumwa? Mtu aliyekujaza maneno yote yale ya mto na mafiga, mbona kwa mume wako amepita kama anaruka shimo?" Nikamwambia umri. Nilikutetea.

Juzi Mwinshehe alirudi, akavua kanzu yake ya Ijumaa nikaifue. Nilipoitumbukiza majini ikatoka harufu. Nikaitoa, nikaipeleka puani, nikaketi chini pale pale penye karai. Balungi, kivumbasi na karafuu. Nguo ile haijafukizwa hapa. Mfuko uliouleta haujafunguliwa, Cornel ni shahidi, upo juu ya dari ulivyofungwa.

Ile ni yako mwenyewe, hujawahi kumpa jirani. Ni maneno yako.

Kwa hiyo nieleze, ni nani huko Kilosa anayemfukizia mume wangu kanzu kwa chetezo ulichomfundisha wewe? Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni msemo tu, kumbe una kanzu.

Usiniandikie dawa. Niandikie jina.

Joha


Kilosa,
20 Agosti 1975

Joha mwanangu,

Marahaba, ijapokuwa sijui kama uliniamkia kwa moyo.

Jina lake Mwantumu. Ndiye yule mwali. Mwinshehe alimwoa mwezi wa sita, ndoa ya kimya, watu wachache. Amempangia chumba karibu na kambi.

Sasa nisikilize kabla hujaichana karatasi hii. Unaijua kazi yangu. Sisi makungwi hatuulizi bwana ni nani, tunauliza mwali ni wa nani. Baba yake alikuja na ubani, akaniwekea binti yake mkononi, nikampokea. Mimi nilijua atakwenda kwa mtu wa reli, basi, na watu wa reli ni wengi kama mataruma yao. Siku uliyonitumia mchele, Mwinshehe ndiye aliyeuleta. Akautua mlangoni. Nikatoka kumkaribisha, nikamwona anachungulia kwenye pazia la ndani, na mwali kule ndani anacheka kimya kimya. Hapo ndipo nilipojua. Mchele wako ulikuwa kati yetu sakafuni. Nilimtukana, Joha. Nilimtukana tusi ambalo sijawahi kulitoa mdomoni. Akasema, "Shangazi, sheria inaniruhusu, na Joha utamwambia wewe kwa wakati wake." Akaondoka.

Ningefanya nini? Mwali akishakaa ndani, kungwi akimtupa, mji mzima utasema ameonekana na aibu. Haolewi tena. Hana mama. Kosa lake liko wapi? Nikajiambia nimalize kazi yangu, nimtoe salama, halafu nitafute njia ya kukwambia. Njia haikupatikana. Kila nikishika kalamu, mkono ulikuwa unaandika habari za vyungu. Kukuandikia dawa kulikuwa rahisi. Nilijidanganya kwamba jiko likinukia vizuri sana atarudi kwako, na yule atakuwa wa pembeni tu, mambo yatatulia, hutaumia.

Nilimfunda kama nilivyokufunda wewe. Sikumpunguzia. Kungwi hapunguzi.

Nimelia sana. Silii ili unihurumie, nakwambia tu. Nilinyamaza, na kunyamaza ndiyo dhambi yangu yote. Zaidi ya hapo sikufanya neno.

Niandikie. Hata matusi, yaandike.

Shangazi yako Mwanvua


Kilosa,
11 Oktoba 1975

Joha,

Natumai u mzima na Tatu mzima. Nimempa Cornel salamu kila alipopita, ananiambia amezifikisha, na kwamba ulimshukuru ukafunga mlango. Siku hizi hata yeye ananiangalia pembeni.

Gangi imehamishiwa Mikumi, nimesikia. Nimesikia pia kwamba Mwinshehe amemchukua Mwantumu na kwamba mnakaa pamoja, kwa kuwa kijiji hakigawi kiwanja kingine mwaka huu. Usiku sipati usingizi nikiwawazia ninyi wawili katika nyumba ile yenye ukuta usiofika juu.

Nataka kuja. Nitapanda treni ya Jumamosi baada ya Idi ya kuchinja. Nitaketi katikati yenu, niseme yanayosemwa na mtu mzima. Wote wawili ni mabinti zangu. Damu haigeuki maji, mwanangu. Nipe ruhusa kwa neno moja tu, na kama huwezi kuliandika, mpe Cornel alibebe mdomoni.

Mimi niliyekulea,
Shangazi yako


Mikumi,
2 Novemba 1975

Shangazi Mwanvua,

Salaam. Tatu hajambo. Mama mkwe alifariki mwezi uliopita, tulimzika Tindiga. Hukupewa habari, nilimkataza Cornel.

Ni kweli, Mwantumu yuko hapa. Mwinshehe alimleta mchana, akamketisha kwenye mkeka, akanitazama kama mtu anayengoja radi. Nilitandika mkeka wa pili. Nimemnyima radi, na nadhani hilo limemuumiza kuliko matusi yako. Sasa anakula nyumbani kila siku, anamaliza ugali wote wa yanga, hajavuta pua hata mara moja. Jiko ni lile lile.

Niliyajua mengi kabla hajaja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nilikuwa nimeandaa vizuri. Lakini ni mtoto. Ana mimba changa, akisikia kitunguu kinakaangwa anakimbilia nje kutapika, kisha anarudi ananiomba radhi kana kwamba amevunja chungu. Kwa hiyo mimi ndiye ninayepika. Kila asubuhi ninachemsha majani ya mpera, ninaweka mkaa mpya kwenye pembe, ili apate kukaa ndani. Dawa zako zinafanya kazi, sina budi kulisema.

Barua yako ya Agosti niliisoma mara nyingi. Nilikuwa nimeanza kukusamehe. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa nimefikia mahali pa kusema, masikini, alibanwa na kazi yake, alinyamaza, na nani hajawahi kunyamaza? Nilikuwa nimeshanunua karatasi.

Alhamisi iliyopita tulikuwa jikoni, mimi na yeye. Nilimpa uji. Akaushika bila kunywa, akaniambia, "Dada, tangu nifike nataka kukushukuru, nikaona haya."

Nikamuuliza, "Kwa lipi?"

Akasema, "Kwa ile ruhusa."

"Ruhusa gani?"

"Uliyompa kungwi wangu. Mimi nilipojua bwana ana mke, nilikataa. Nilimwambia kungwi, siolewi kwa wizi. Mama yangu aliolewa kwa wizi, mke mkubwa akamtoa na mchi, tukalala stesheni. Nikamuuliza kungwi, mke wake anajua? Kungwi akanyamaza. Nikagoma kula. Nikamwambia nitatoka hivi hivi, acha watu waseme, nitakaa kwa baba yangu mpaka nizeeke. Ndipo akaja akaketi karibu yangu, akanishika mkono, akasema, 'Anajua, mwanangu. Ni binti wa kaka yangu, nimemwandikia, na amekubali kwa moyo mweupe.' Nikala siku hiyo hiyo."

Shangazi, umeniandikia kwamba ulinyamaza tu. Kumbe mtoto wa watu ndiye aliyenitetea, mle chumbani mwako, kwa njaa, bila kunijua sura. Ilibakia wewe useme "hajui", neno hilo moja, na leo ningekuwa na mume wangu. Ulimnyamazisha, kisha ukarudi mezani kuniandikia nigeuze mafiga.

Sijui kwa nini. Pengine hukutaka mji useme mwali wako amekushinda. Sitaki uniambie.

Alikuwa ananitazama, bakuli mkononi, anasubiri. Macho yake yote yalikuwa kwangu. Nikamwambia, "Ndiyo. Nilikubali." Akashusha pumzi, akanywa uji.

Ningesema nini? Hana mama, ana mimba, na duniani amebakiwa na watu wawili anaowaamini, mimi na wewe.

Usije Jumamosi, wala Jumamosi nyingine yoyote. Ukishuka kwenye treni atakukimbilia, atakuamkia, atakushukuru mbele yangu, nami itanibidi nitabasamu.

Joha